Moto wa Juu na Moto wa Chini: Kuoka Kitafunwa Kitamu Kambini Dodoma

Asubuhi ya kambini huku kwetu kwa kawaida ni chai ya rangi na mkate wa dukani uliokwisha kukaukia kwenye mfuko. Wenye bidii hukaanga maandazi au husukuma chapati, wengine hufukia viazi vitamu kwenye majivu. Lakini skonzi laini za mdalasini na zabibu kavu, zilizoumuka vizuri na kupata rangi juu na chini, watu wengi wanaziona ni kitu cha oveni ya umeme. Wanaojaribu kuzioka porini hupata matokeo yanayofanana: chini zimeungua, katikati mbichi, juu nyeupe pe. Baada ya hapo moto wa kuni hulaumiwa kwamba hauna kipimo.

Mimi naamini moto wa kuni unaoka, tena vizuri sana, na ningependa kila kiongozi wa skauti, kila kijana wa makambi ya kanisa na kila familia inayokwenda kulala kando ya Bwawa la Hombolo wajue hilo. Tatizo liko mahali joto linapotokea. Sufuria iliyobandikwa juu ya mafiga hupokea joto kwa chini tu, na unga wenye sukari hauvumilii joto la upande mmoja. Ukishaelewa kwa nini, maswali mengine yanayowachanganya watu yanafunguka moja baada ya jingine: kuni gani, sufuria gani, hamira kiasi gani, na upepo wa Dodoma ufanywe nini.

Wapishi wa pwani wanalijua jambo hili tangu zamani. Mkate wa kumimina, ule wa mchele, tui, hamira na iliki, hupaliwa makaa: kidogo chini, mengi juu ya mfuniko. Keki nyingi za mitaani zinazoliwa kwenye sherehe zetu zimeokwa hivyohivyo, kwenye jiko la mkaa uani. Kambini hatuhitaji kubuni ufundi mpya. Tunauchukua huohuo, tunaufanyia marekebisho kwa ajili ya baridi ya usiku, hewa kavu na upepo wa bara.

Kwa nini sukari inaharibu hesabu

Donge la unga uliokandwa limejaa maji, na maji hayo ndiyo yanayolinda tumbo la mkate. Maadamu yamo, joto la ndani haliwezi kupita kiwango cha maji kuchemka. Mji wa Dodoma uko takriban mita 1,120 juu ya usawa wa bahari, na kwenye kimo hicho maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi za sentigredi, si 100. Kondoa, iliyo karibu na mita 1,400, hushuka kidogo zaidi. Maana yake ni kwamba katikati ya skonzi hapafiki nyuzi 100 hata uzungushie moto wa namna gani. Huko ndani, kuanzia nyuzi 60 na kuendelea, wanga hunywa maji na kuvimba, protini za ngano hukakamaa na kushikilia umbo, na joto likifika 93 hivi mkate umeiva.

Ganda la nje lina kanuni zake. Pale unga unapogusana na chuma cha moto, maji hukauka upesi, na sehemu iliyokauka haina tena kitu cha kuizuia isipande joto. Ikipita nyuzi 140, sukari na protini huanza kuungana na kutoa rangi ya kahawia pamoja na ile harufu inayowatoa watu kwenye mahema. Ikifika 160, sukari yenyewe huanza kuvunjika. Mwanzoni inakuwa na utamu mzito wa kupendeza, muda mfupi baadaye inakuwa chungu, halafu inageuka mkaa. Mkate usio na sukari humpa mpishi nafasi kubwa kati ya kuiva na kuungua. Ukiongeza sukari, nafasi hiyo husinyaa. Ukiongeza asali inasinyaa zaidi, kwa sababu sukari ya matunda iliyomo kwenye asali huanza kubadilika rangi kwenye nyuzi 110 hivi, chini kabisa ya sukari ya mezani. Kwa hiyo asali nzuri ya Itigi au Manyoni nashauri isiingie kwenye donge. Iwekwe kando, imiminwe juu ya skonzi zikiwa bado za moto.

Sasa hapa ndipo moto wa chini peke yake unaposhindwa. Tuseme skonzi zako zikishaumuka zina kimo cha sentimita sita. Joto likitoka chini tu, lazima lisafiri sentimita zote sita, na unga ni mpitishaji mbaya wa joto. Likitoka juu na chini kwa pamoja, kila upande unasafiri tatu. Unaweza kudhani muda utapungua kwa nusu, lakini unapungua zaidi ya hapo. Muda wa joto kupenya kitu huongezeka kwa mraba wa unene wake, hivyo nusu ya safari huhitaji karibu robo ya muda. Mkate ambao ungekaa juu ya moto wa chini saa nzima na zaidi, huku sukari ya chini ikiungua, unaiva kwa nusu saa ukipewa moto pande zote mbili. Ndiyo siri yote ya kupalia.

Makaa mekundu, na kuni za kuyapata

Ndimi za moto hazioki. Zinayumba na upepo, zinalamba ubavu mmoja wa sufuria na kuacha mwingine, na zinapaka masizi. Makaa yaliyokwisha kutulia, yenye wekundu ndani na utando mwembamba wa majivu nje, hutoa joto la mfululizo linalobadilika polepole. Utando ule wa majivu si uchafu wa kupulizwa, kwa sababu ndio unaopunguza ukali.

Mgunga mkavu ni kuni bora kwa kazi hii. Mti wake mgumu unaacha makaa mazito yanayokaa muda mrefu, tofauti na vijiti laini vinavyowaka kwa fujo na kuishia majivu. Okota matawi yaliyoanguka na kukauka. Usikate mti ulio hai, hata tawi moja. Kondoa inatupa sababu: mmomonyoko ulikuwa mkubwa kiasi kwamba mwaka 1973 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kwenye eneo lililoathirika ili ardhi ipumue. Mimea iliyorudi pale ilirudi kwa gharama ya watu wengi. Kama una mkaa wa dukani, uchukue huo. Ndoo ndogo ya lita kumi inatosha na kubaki.

Kuna kuni mbili za kuepuka kabisa. Ya kwanza ni mnyaa, ule mmea wa vijiti vya kijani unaozungushiwa maboma na viwanja. Utomvu wake ni sumu, ukiingia jichoni unaumiza vibaya, na moshi wake unawasha. Matawi yake yaliyokauka yanafanana na kuni nyingine yoyote, hivyo waonyeshe watoto mapema kabla hujawatuma. Ya pili ni mbao zilizopakwa rangi au dawa ya mchwa.

Utahitaji sehemu mbili zilizo karibu. Kwenye sehemu ya kwanza uwashe moto mkubwa wa kuzalisha makaa, ambao unaweza pia kubandikwa birika. Hatua moja pembeni pasafishwe kwa ajili ya kuokea, na makaa yahamishwe kwa koleo au sepetu. Anayejaribu kuokea palepale anapowashia hawezi kuongeza wala kupunguza kitu bila kuvuruga vyote.

Mgawanyo wa makaa ni theluthi moja chini na theluthi mbili juu. Wengi wanashangaa kwa nini juu yazidi. Joto la chini linapanda lenyewe na kupita moja kwa moja kwenye chuma hadi kwenye unga. Makaa ya juu yanapoteza sehemu kubwa ya joto lake angani, na kinachobaki kinapaswa kuvuka nafasi ya hewa kati ya mfuniko na skonzi. Kwa kitafunwa chenye sukari naongeza sharti moja: makaa ya chini yapangwe kwa duara kufuata ukingo wa sufuria, katikati pabaki wazi. Katikati ya sufuria ndipo panapoungua kwanza siku zote.

Sufuria yetu ni nyembamba, na dawa yake ni mchanga

Maelekezo mengi ya kuokea kambini yameandikwa kwa watu wenye vyungu vizito vya chuma cha kuyeyushwa, vyenye miguu mitatu na mfuniko wenye kingo za kushikilia makaa. Ukikipata kimoja, furahi. Wengi wetu tuna sufuria ya alumini. Alumini hupitisha joto haraka, mara nne hivi ya chuma cha kuyeyushwa, na ikiwa nyembamba haihifadhi chochote. Kaa moja likisogea karibu, pale juu yake panaungua, na upepo ukivuma sekunde chache, sufuria nzima inapoa.

Kinachosaidia ni sufuria mbili. Kubwa unaiwekea mchanga mkavu wa unene wa vidole viwili, ndogo yenye skonzi inakaa juu ya mchanga huo, kisha kubwa inafunikwa. Mchanga unafanya kazi mbili: unachelewesha joto kali la chini lisifike ghafla, na unalisambaza ili pasiwe na doa moja la moto. Hakikisha ni mkavu kwelikweli, maana mchanga wenye unyevu utatumia dakika zako za kwanza kukausha maji yake. Mchanga wa korongo la msimu, wa aina iliyojaa kila mahali huku wakati wa kiangazi, unafaa. Chekecha majani na samadi ya mbuzi kwanza.

Kuhusu mfuniko, angalia kitasa. Cha plastiki kifunguliwe, maana kitayeyuka. Kama mfuniko una mgongo na makaa yanateleza, geuza sinia la alumini juu ya sufuria na upange makaa kwenye bonde lake. Tandaza majivu kidogo kabla ya makaa ili sinia lisichukue joto kali moja kwa moja: alumini inayeyuka kwenye nyuzi 660, na makaa yanayopulizwa na upepo yanaweza kupita hapo. Usitumie kipande cha bati la kuezekea. Lina zinki juu yake, na zinki ikipata moto mkali hutoa moshi usiofaa kuvutwa.

Kati ya skonzi na mfuniko iache nafasi ya vidole vinne kabla hazijaumuka. Zitapanda, na zikikaribia sana makaa ya juu utakuwa umehamishia tatizo lilelile upande wa pili.

Unga unaolala nje

Kwa sufuria ya upana wa shibiri moja na zaidi kidogo: nusu kilo ya unga wa ngano, vijiko vitano vya chakula vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi, nusu kijiko cha chai cha hamira ya chengachenga, vijiko vitatu vya mafuta ya alizeti, iliki iliyotwangwa, na maji kikombe kimoja na robo. Yai na maziwa nimeyaacha kwa makusudi, kwa kuwa donge hili litalala nje ya friji usiku kucha.

Hiyo hamira ndiyo inayowashtua wapishi. Nyumbani tungetia mara tatu au nne ya hapo. Lakini kambini baridi ya usiku ni msaada ukijua kuitumia. Mwezi Julai joto la usiku Dodoma hushuka hadi nyuzi 13 au 14. Hamira hufanya kazi kwa bidii kati ya 25 na 35, na kwenye 14 inajikokota. Sukari pia inaipunguza kasi, kwa kuwa inavuta maji ambayo hamira inayahitaji. Vikikutana hivyo viwili, donge lililokandwa saa mbili usiku linahitaji usiku mzima kuumuka, na hilo ndilo tunalotaka. Linafikia kimo chake wakati unapoamka, tena mwendo wa polepole unaupa mkate ladha nzito zaidi kuliko ule ulioharakishwa. Oktoba na Novemba, usiku ukiwa wa joto, punguza hamira hadi robo kijiko.

Kanda mpaka donge liache kunata na kuanza kung'aa. Kuna jaribio ambalo halidanganyi: kata kipande cha ukubwa wa limau, kishike kwa vidole vya mikono yote miwili, kivute taratibu kwenye mwanga wa taa. Kikitanuka mpaka ukaona mwanga unapenya kwenye utando mwembamba bila kuchanika, protini za ngano zimeshikana kiasi cha kutosha kuifunga hewa. Kikichanika mapema, endelea kukanda dakika tano, pumzisha, jaribu tena.

Uwele na mtama, nafaka za Wagogo tangu enzi, zina ladha nzuri sana kwenye kitafunwa kitamu, hasa uwele na ule ukaribu wake na karanga. Lakini hazina ule mnato wa ngano, hivyo haziwezi kushikilia hewa. Badilisha moja ya tano ya unga wa ngano, usizidishe. Tena uwele usagwe karibuni, kwa sababu una mafuta mengi na unga wake ukikaa unaanza uchungu.

Hewa ya hapa ni kavu. Donge lililoachwa wazi hata nusu saa linafanya ngozi, na ngozi hiyo inalizuia kupanda. Lipake mafuta, liweke kwenye bakuli lenye mfuniko, na juu yake kitambaa chenye unyevu. Jambo jingine linalotokana na kimo: msukumo wa hewa Dodoma uko chini ya ule wa pwani kwa asilimia 12 hivi, kwa hiyo mapovu ya hewa ndani ya unga yanatanuka kirahisi zaidi. Kwa hamira hutaona tofauti kubwa. Lakini kama huna hamira na unatumia bekin pauda kwa kipimo ulichokizoea Dar es Salaam, ipunguze kidogo na uongeze maji kijiko kimoja au viwili. La sivyo skonzi zinapanda haraka kisha zinabonyea.

Zabibu kavu zinastahili uangalifu wake. Dodoma ndiyo nyumbani kwa zabibu za Tanzania, mizabibu ya hapa huvunwa mara mbili kwa mwaka, na ingekuwa aibu kuoka kambini bila kuzitumia. Ila zabibu kavu ni sukari zaidi ya nusu. Ikichungulia juu ya unga inageuka kijiwe cheusi na kichungu, na ikiwa ndani inanyonya maji ya mkate ulio karibu yake. Loweka kiganja kimoja kwenye chai ya rangi ya moto kwa dakika ishirini, zivimbe, kisha zichuje na kuzikausha kwa kitambaa. Fanya hivyo usiku, kwa sababu asubuhi utakuwa na mambo mengi.

Kuanzia saa kumi na moja alfajiri

Washa moto wa makaa saa 11. Wakati kuni zinaungua, sukuma donge kwenye ubao uliopakwa mafuta, hata chupa inatosha kusukumia, mpaka liwe na umbo la mstatili na unene wa kidole. Paka mafuta, nyunyiza sukari vijiko vitatu iliyochanganywa na mdalasini na kijiko kimoja cha unga. Kijiko hicho cha unga kinashika sukari inapoyeyuka isitiririke hadi chini ya sufuria, maana sukari iliyotiririka ndiyo inayotengeneza ule ukoko mweusi usiobanduka. Tandaza zabibu, usizifikishe ukingoni. Viringisha kwa kubana, kata vipande vinane kwa uzi mgumu, ambao haubonyezi unga kama kisu.

Sufuria ndogo ipakwe mafuta na itandikwe jani la mgomba chini. Mgomba hauoti ovyo kwenye ukame wetu, lakini soko la Majengo halikosi ndizi zilizokuja na majani yake. Karatasi ya kuokea inafanya kazi ileile bila ile harufu nzuri. Panga vipande vikigusana kidogo, funika, weka mahali penye vuguvugu kando ya moto. Mkono wako ukikaa hapo dakika nzima bila kero, hamira nayo iko salama. Penye joto la kukuunguza patakuwa pameiua, kwani inakufa kwenye nyuzi 55 hadi 60.

Ikikaribia saa 12, makaa yatakuwa tayari. Kabla hujatia skonzi, pasha sufuria kubwa na mchanga wake, makaa juu na chini, kwa dakika kumi na tano, kisha uipime. Huhitaji kipimajoto. Weka kijiko cha unga mkavu kwenye kisahani cha bati, kitie ndani, funika, subiri dakika tano. Unga ukibaki mweupe, ongeza makaa. Ukipata rangi ya dhahabu, uko kwenye joto la wastani, nyuzi 180 kwa makadirio, na hapo ndipo pa kuokea kitafunwa chenye sukari. Ukikuta kahawia iliyokolea au moshi, ondoa makaa ya chini na usubiri. Mabibi wa zamani walipima oveni za kuni kwa njia hii, na hadi leo naiamini kuliko kuhesabu vipande vya mkaa, kwa sababu mkaa wetu haulingani ukubwa.

Tia skonzi, funika, na uache kuchungulia. Kila ukifunua, joto la juu linapotea na majivu yanapata njia. Baada ya dakika kumi, zungusha sufuria robo duara kuelekea kulia na mfuniko robo duara kuelekea kushoto. Hivyo hakuna kipande kitakachokaa karibu na kaa lilelile tangu mwanzo hadi mwisho. Rudia baada ya dakika kumi nyingine.

Tumia pua. Dakika kumi na tano za kwanza unatakiwa kusikia harufu ya mkate na iliki tu. Ukisikia mapema harufu nzito ya sukari inayogeuka rangi, chini kumezidi moto: punguza makaa ya chini mara moja, ya juu yaache. Kuanzia dakika ya ishirini, makaa ya chini unaweza kuyatoa yote, na mchanga utaendelea kutoa joto lake. Ya juu yaongeze kidogo kwa ajili ya rangi. Dakika ya ishirini na tano, pangusa majivu, inua mfuniko wima bila kuuinamisha, choma kijiti kwenye skonzi ya katikati. Kikitoka bila unga mbichi, epua. Kikitoka na unga, funika tena dakika tano na makaa ya juu peke yake.

Upepo ndio unaoweza kuvuruga hayo yote. Kiangazi cha Dodoma kina upepo mkali, na makaa yanayopulizwa upande mmoja yanawaka mara mbili upande huo. Bahati nzuri alfajiri upepo huwa umetulia kuliko mchana, na hiyo ni sababu nyingine ya kutochelewa kuamka. Chimba kishimo cha kina cha shibiri moja, au panga ukuta wa mawe upande unaotoka upepo. Mawe yawe makavu, yasiwe yaliyotoka mtoni. Maji yaliyojificha ndani yake hugeuka mvuke na kuyapasua, na vipande vinaruka.

Skonzi zikiwa za moto, changanya vijiko viwili vya unga wa ubuyu, vinne vya sukari iliyosagwa na maji ya moto kidogo hadi upate uji mzito, umimine juu. Uchachu wa ubuyu unakata utamu wa sukari na mdalasini kwa namna ambayo mimi sijaipata kwa kitu kingine. Asiyependa uchachu amwagie asali.

Moto wenyewe

Mahali pa kuwashia pasafishwe majani makavu hadi ubaki udongo mtupu wa hatua tatu kila upande. Usiwashe juu ya mwamba wala chini ya kivuli chake. Mwamba wa matale ukipata moto unabanduka magamba, na kwenye maeneo ya Kolo na vijiji jirani vya Kondoa moshi unaharibu michoro ya miambani iliyoingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2006. Ndani ya hifadhi na mapori ya akiba, moto unawashwa pale tu askari wa wanyamapori wanapokuonyesha.

Asubuhi ya Julai ikiwa na baridi kali, kutakuwa na mtu anayetaka kuingiza sufuria ya makaa hemani ili watoto wapate joto. Akatazwe bila kuoneana aibu. Makaa hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, na huua watu waliolala.

Mkishamaliza kula, mwagia maji makaa ya sehemu zote mbili pamoja na yale ya kwenye mfuniko, koroga majivu kwa kijiti, mwagia tena. Mchanga wa kwenye sufuria uache upoe kwanza, unakaa na joto muda mrefu kuliko unavyoonekana. Pitisha nyuma ya mkono karibu na majivu kabla ya kuondoka. Ukisikia joto, ongeza maji.